Mstari Ulionyooka Mno

Mmenialika niwaambie habari za kazi, na kabla sijakaa vizuri mmoja wenu ameshanieleza kwamba mashine yenu mpya ya mionzi haikosei. Haya. Hapo hapo nikaanza kuishuku. Na wewe uliyesema, samahani mwanangu, nimekushuku pia.

Msicheke. Miaka yote niliyofanya kazi katika chumba cha mionzi hapa Kampala waliniita Afande. Si kwa sababu baba yangu alikuwa polisi kutoka kaskazini aliyetulea katika nyumba za askari, ingawa ndiko nilikookota hiki Kiswahili ninachowasumbua nacho. Waliniita hivyo kwa sababu nilihoji kila kitu. Nilihoji taa, nilihoji kitanda, nilimhoji mgonjwa aliyeingia akitabasamu. Marehemu mume wangu alikuwa akisema hata chai naichungulia kwanza kama imeficha jambo. Na iwe hivyo. Watu waliopita mikononi mwangu walikuwa na saratani ya mapafu, na hakuna duka linalouza pafu la pili.

Maana sikilizeni. Mionzi haina macho. Ukiielekeza kwenye uvimbe inaunguza uvimbe, ukiielekeza kwenye pafu lenye afya inaunguza pafu lenye afya, kwa moyo uleule. Na pafu likiungua halipigi kelele siku hiyo. Ngozi ikiungua utaiona, koo likiungua mgonjwa atashindwa kumeza posho, ugali wetu wa hapa, na atakwambia. Pafu linanyamaza. Linasubiri mmalize matibabu, mpeane mikono, mgonjwa aende kwake achinjiwe kuku. Halafu baada ya wiki kadhaa, au miezi, ndipo linaanza: kikohozi kikavu, homa ndogo ndogo, pumzi inakatikia kwenye ngazi. Mgonjwa anakimbilia kliniki ya mtaani, na hapa kwetu ukikohoa tu umeshapewa dawa za kifua kikuu. Hakuna anayemuuliza kama aliwahi kupigwa mionzi.

Aliyenifundisha kushuku ni Mkenya, Mzee Wekesa, fundi wa mionzi aliyevuka mpaka kutafuta kazi huku baada ya vita vya themanini na sita kutulia, akaoa hapa, akazeekea hapa. Alikuwa mlokole. Hanywi, haapi, lakini ulimi wake, loo! Siku zangu za mwanzo nilimwambia mistari ya mgonjwa fulani iko sawa. Akaniangalia juu ya miwani.

"Wewe msichana, huo mstari unauamini kwa nini? Ni shangazi yako?"

Niwaeleze mistari. Miaka ile ya tisini hatukuwa na kompyuta zenu za kupanga matibabu. Tulikuwa na mashine ya kobalti, filamu za eksirei, na dawa ya zambarau, ile ile mliyopakwa mdomoni mkiwa wadogo. Daktari akishaamua mionzi iingilie wapi, tunamlaza mgonjwa, tunawasha taa ya mashine, na pale mwanga unapoangukia kifuani na ubavuni tunachora mistari kwenye ngozi. Kila siku akirudi tunamlaza vilevile, tunalinganisha mwanga na mistari, kisha tunatega juu vipande vya madini ya risasi vya kukinga sehemu za pafu zisizohusika. Mstari ukihama upana wa kidole, kila kitu kinahama nao, na unaunguza kitu ulichokula kiapo kukilinda.

Na vitu vya kuhamisha mstari havikosekani. Kuna siku walitufulia mto wa kitandani wakaturudishia mwingine, mnene, wenye maua. Mzuri sana. Mgonjwa akalala kama bwana harusi, kifua kimeinuka, na mistari yote ikawa inaangalia kwingine. Wenzangu wakaanza kuisogeza taa ifuate mistari. Mzee Wekesa alipoingia aliuchomoa ule mto bila kusema neno, akaukumbatia, akatoka nao nje. Hatukuuona tena. Nadhani alikwenda kuulalia nyumbani, lakini hilo sina ushahidi.

Yeye ndiye aliyenifundisha kutafuta alama ambayo mtu amezaliwa nayo au kapewa na maisha, baka, kovu, chanjo, halafu nishike kichwani mstari unapita wapi karibu yake. Mstari unafutika, alikuwa akisema, kovu halina miguu. Na ndiye aliyenikataza kumuuliza mgonjwa kama anapumua vizuri. Watu wa hapa wana adabu, bambi, masikini wa Mungu. Hata anayekata roho ukimuuliza habari atakwambia nzuri. Uliza hivi: leo ukipanda kilima umesimama wapi? Kampala ni vilima tupu, kila mtu ana chake cha kurudia nyumbani. Mama mmoja, mke wa mwanajeshi wa Mbuya, alijibu nzuri kila siku ya Mungu. Nilipomuuliza amesimama wapi akasema, "Leo kwenye nguzo ya umeme. Jana nilifika mpaka geti." Basi, kifua chake chote nikawa nimekiona.

Sasa Mzee Sulaiti.

Huyu alikuwa fundi bati wa Katwe, mtengenezaji wa masanduku ya wanafunzi wa bweni. Inawezekana mzazi wako alikwenda shule na sanduku lake, lile lisiloyumba hata ukilikalia. Alikuwa akiishi Kibuli, chini ya kilima, na kila Ijumaa alipanda kwa miguu mpaka msikiti mkubwa kule juu. Bodaboda hataki, anasema ni ya watu waliokata tamaa. Kiswahili chake kilikuwa cha kuuzia masanduku Wakenya na Wakongo, akitaka kukwambia kitu anakwambia.

Pafu lake la kushoto lilikuwa limekaushwa zamani na kifua kikuu. Alipona, lakini pafu lilibaki la picha tu. Uvimbe ukaja kuota kwenye lile la kulia, lile lililokuwa likimbeba. Mnaona mtego? Tulitakiwa kuunguza uvimbe ndani ya pafu pekee alilotegemea, na kumwachia hilo hilo limpandishe kilima. Tukikosea, tunamponya saratani halafu tunamnyima pumzi. Daktari wetu, mama mtaratibu asiyependa maneno mengi, alisita sana kabla ya kukubali. Mwisho aliniambia, "Afande, kwa huyu shuku mpaka kivuli chako."

Nikachora mistari mwenyewe. Mzee Sulaiti akaomba kioo, akajitazama, akaniita musawo, yaani mganga, kama walivyotuita wote wa hospitali.

"Musawo, hii mustari nani alichora?"

"Mimi, mzee."

"Imelala."

"Mbavu zako ndizo zimelala. Mtu si bati."

Akacheka mpaka akakohoa. Nikawaeleza, yeye na mkewe Mama Zaituni, kwamba mistari isisuguliwe, maji yamwagwe kwingine, kifua kipitishiwe kitambaa pembenipembeni. Wino ukififia waje kwetu, wasiguse. Wakauliza kuhusu kuoga kwa Ijumaa, tukakubaliana namna. Mzee akawa anaitika, "Kale, kale," yaani sawa, sawa, haraka haraka. Mtu anayekubali haraka hivyo hajakusikiliza. Andikeni hilo mahali.

Halafu nikapangiwa chumba cha kumimina vile vipande vya risasi, wenzangu ndio wakawa wanamlaza. Nilimkosa kwa wiki kadhaa. Niliporudi kwenye mashine nikamkuta ameshalala kitandani, taa imewashwa, mwanga umekaa juu ya mistari barabara, hauzidi haupungui. Mwenzangu ameshaanza kutoka nje akabonyeze swichi.

Nikasema ngoja.

Sikujua kwa nini, wanangu. Nilihisi tu kwamba ule mstari ni mzuri mno. Mstari kwenye ngozi ya mzee unapanda ubavu, unashuka, unajikunja kwenye kunyanzi. Huu ulikuwa umenyooka kama ukingo wa meza. Mwenzangu akasema, "Mwanga unalingana na mstari, Afande, unataka nini tena?"

"Nataka kovu."

Mzee Sulaiti alikuwa na kovu la kuungua kifuani, risasi ya kulehemu ilimrukia ujanani. Nilipochora, mstari ulipita kando ya kovu na kidole changu kikaingia kati yake. Sasa ulikuwa unalikata kovu kati kwa kati. Nikaikataa ile swichi. Nje foleni ya wagonjwa inanung'unika, mwenzangu anatazama saa, na mimi naogopa kweli, maana kama nimekosea nimemcheleweshea mtu dawa, na kama sijakosea basi tumekuwa tukimuunguza.

Nikashuku taa. Mzee Wekesa akaja na karatasi zake akaipima, taa haina kosa. Nikashuku kitanda, nacho kikasalimika. Nikamshuku mwenzangu, akanuna. Nikamwita Mama Zaituni kutoka kwenye benchi.

"Mama, huyu unamsugua na nini?"

"Mimi?" Alipandisha sauti korido nzima ikageuka. "Musawo, tangu mumpe hiyo mistari hata mgongo haniruhusu nimguse! Anajifungia huko bafuni peke yake na kioo na..."

Akageuza kichwa polepole kumtazama mumewe. Mumewe alikuwa anatazama dari, ametulia kupita kiasi.

Baba yangu alinifundisha jambo moja la kipolisi: mtu mwenye kujivunia kazi yake usimtishe, msifie. Nikainama. "Mzee, hii mistari nani kachora?"

"Si nyinyi."

"Sisi hatujui kuchora vizuri hivi."

Alijaribu kuzuia tabasamu, likamshinda. "Umeiona, eh?"

Basi akatueleza yote, tena kwa furaha. Ijumaa ya kwanza maji yalifuta kidogo. Akanunua dawa ya zambarau dukani, akachukua pembemraba yake ya kazini, ile ya kupimia kona za bati, akasimama mbele ya kioo akarudishia. Na kwa vile mstari wetu ulikuwa umelala, akaunyoosha. Kila Ijumaa akawa ananyoosha kidogo, upande huku, usogee kule, mpaka pembe zikakubali.

"Nilisema hawa watoto wamechoka, wacha niwasaidie. Mimi sanduku yangu ikitoka hivyo, muteja anarudisha."

Mzee Wekesa alivua miwani. Kisha akamwambia kwa upole ambao sikuwa nimeusikia kwake, "Ndugu yangu, pale ulipopanyoosha ndipo pafu lako lilipobaki."

Tabasamu likaisha usoni kwake. "Imeungua?"

"Hatujui. Litasema lenyewe."

Nilitaka kumkaripia nikashindwa. Alikuwa amelala pale na ile mistari yake safi, mikono juu ya kichwa kama tulivyomfundisha. Daktari alikuja, akapiga filamu upya, akapunguza eneo, tukachora mistari yetu iliyolala, na tangu siku ile hakuna aliyemgusa bila mimi kuona kovu kwanza. Alimaliza matibabu. Uvimbe ulinywea. Nikawaambia yeye na Mama Zaituni: kikohozi chochote kuanzia leo kileteni hapa, msikipeleke kliniki. Kale, kale, wakasema.

Wiki zikapita. Akaja kuonwa, kavaa kanzu iliyopigwa pasi. Habari? Nzuri. Kifua? Kizuri.

"Ukipanda kwenda msikitini unasimama wapi?"

"Sisimami, musawo. Ni kusalimia watu tu."

Mama Zaituni akawa anakagua kucha zake. Mimi nikakaa na lile neno siku nzima. Kusalimia watu? Mtu aliyezeekea Katwe, penye nyundo za kutwa mpaka watu wanaongea kwa mikono, tangu lini akawa mtu wa salamu?

Ijumaa iliyofuata nikajifunga kitambaa kichwani, mimi Mkristo, nikaenda kusimama kwenye kibanda cha muuza chapati katikati ya kilima cha Kibuli. Nilimwona akija. Akamsalimia muuza mkaa. Mnazijua salamu za Kiganda: mwenzako anakueleza habari za nyumbani, za shamba, za kazi, na wewe unaguna tu, mm, mm, mpaka aishe. Mzee alikuwa ameshika ukuta, anaguna. Akapanda hatua chache, akamsalimia mwenye bodaboda. Ukuta tena, mm, mm. Kisha akamkamata kijana mmoja aliyekuwa anapita zake.

"Watoto hawajambo?"

"Mzee," yule kijana akasema, "mimi sina watoto. Na sikujui."

Nikasogea. Aliponiona alishtuka, halafu, masikini, akaanza na mimi: habari ya nyumbani, habari ya kazi. Nikanyamaza kimya. Sikumwitikia hata moja. Bila mimi kuitikia hakuwa na mahali pa kuvutia pumzi, maneno yakamkatikia mdomoni, akashika bega langu.

"Usiniseme mbele ya watu," akanong'ona.

Nilikasirika, na niliogopa, na nilimpenda yule mzee vyote kwa pamoja. Mfukoni alikuwa na vidonge vya kifua kikuu. Walimsikia kliniki akikohoa, wakaona historia yake ya zamani, wakamwanzishia. Hakutaja mionzi kwa sababu hawakuuliza, na hakuja kwetu kwa sababu aliona haya.

Tukamrudisha. Makohozi yakapimwa, hayakuwa na kifua kikuu. Daktari akatundika filamu mbele ya taa akatuita. Ugonjwa wa kuambukiza, alisema, unasambaa kwa kufuata njia za pafu lenyewe, ukungu wake kwenye filamu hauna ukingo. Huu ulikuwa na ukingo. Ulishuka kifuani umenyooka, wima, bila kupinda. Mzee Sulaiti akasogea, akainua kidole, akaufuata kwenye filamu kutoka juu mpaka chini.

"Huu ni wangu," akasema.

Naapa kwamba nusu ya sauti ile ilikuwa ya fundi anayeitambua kazi yake. Kisha akakiweka kidole mfukoni. Daktari akamwambia asijibebeshe yote, hata kwa mistari yetu pafu kidogo lingeunguzwa, hakuna anayeweza kutenganisha. Lakini hakumficha kwamba upande ule ulizidi. Akamwandikia prednisolone ya kutuliza pafu lililoungua, kipimo cha kupunguzwa taratibu kwa wiki nyingi, na akamwonya asije akaiacha ghafla akijisikia nafuu. Vidonge tulimkabidhi Mama Zaituni. Mzee tungemwachia angevilinganisha vyote viwe sawa.

Leo mnatia nukta za wino kwa sindano, hazifutiki. Mna picha za kuonyesha pafu lote, mna hesabu za kiasi gani pafu litavumilia. Vizuri, nawaonea wivu. Lakini mgonjwa wenu bado ana nyumba, ana bafu, ana kioo, na ana mawazo yake kuhusu kazi yenu. Ana haya pia. Hayo hayamo kwenye kompyuta, na akikwambia nzuri, mfuate mpaka kilimani.

Nami nilirudi kule kilimani. Si mara moja, wala sikumwambia. Ijumaa za mwanzo alikuwa bado anasalimia kila mwenye masikio. Baadaye akawa anamruka mwenye bodaboda. Baadaye akabaki na muuza mkaa tu.

Halafu ikaja Ijumaa moja, mvua imenyesha asubuhi, njia ina utelezi. Nilikuwa kwenye kibanda cha chapati, chapati mkononi. Mzee Sulaiti akachomoza chini, kanzu kaishika isiguse tope. Akampita muuza mkaa. Muuza mkaa akabaki mdomo wazi, akasema kwa sauti, "Huyu mzee siku hizi ana majivuno!" Akawapita wa bodaboda. Akafika kwangu. Aliniona, najua aliniona, macho yetu yalikutana. Mimi niliyemchora, niliyemhoji, niliyemkokota hospitali. Akafunga mdomo wake, akatazama mbele, akanipita bila salamu na bila kushika ukuta.

Katika mji huu kumpita mtu mzima hivyo ni tusi. Nililia pale pale, chapati ikaloa. Muuza chapati akaniuliza ni nani amefariki. Nikamwambia anyamaze kwanza, mzee anakata kona na mimi nasikiliza kama atakohoa.